Maafikiano ya mpaka, maji na mali ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye mgogoro na jirani, ndugu au mshirika wa biashara, ambaye angependa uishe bila kufikishana mwisho wa kesi. Mifano mingi ni ya vihamba (mashamba ya ukoo ya Wachagga, yenye migomba na kahawa) vya mlimani, mifongo (mifereji ya asili ya kumwagilia) na mitaa ya mjini, na sheria zinazotajwa ni za Tanzania. Tumekaa zaidi kwenye upimaji na uandishi wa hati, kwa sababu huko ndiko maafikiano mazuri yanakofia.

Maafikiano ni nini hasa?

Ni ahadi mbili zilizofungwa pamoja. Kila upande unaachia kitu unachoamini ni haki yake, ili upate kitu unachokihitaji zaidi. Akiachia mmoja tu, huo ni msamaha, au ni kukubali yaishe. Akiamua mtu wa tatu bila ridhaa yenu, hiyo ni hukumu. Usuluhishi ni kazi ya kuwakalisha watu pamoja, suluhu ni ugomvi kukoma, na maridhiano ni mioyo kutulia, jambo ambalo huchukua muda mrefu kuliko sahihi. Unaweza kuwa na maafikiano kamili ya mpaka huku bado hamsalimiani vizuri. Si aibu, na mpaka utadumu vilevile.

Neno compromise lilitoka wapi, na lina maana moja tu?

Hilo ndilo neno la Kiingereza la maafikiano. Linatokana na Kilatini, compromissum, yaani ahadi ya pamoja. Katika sheria ya Warumi, wagomvi wawili waliahidi kwa pamoja kutii uamuzi wa mtu waliyemchagua wenyewe, na atakayekaidi alilipa fidia waliyokwisha kuikubali. Neno likapita Ufaransa likaingia Kiingereza, na maana yake ikasogea mpaka kufikia kupunguziana madai. Ile fidia ya mkaidi imesahaulika na wengi, nasi tunashauri irudi kwenye kila hati.

Lina pia maana nyingine. Mtu wa kompyuta akisema akaunti imekuwa compromised, anamaanisha imeingiliwa. Daktari akilitumia kwa kinga ya mwili, anamaanisha imedhoofika. Huko usitumie maafikiano kabisa.

Je, maafikiano ni kugawana nusu kwa nusu?

Hapana, na dhana hiyo imeharibu mengi. Chukua ukanda wa mita 4 kwa 40 kati ya vihamba viwili, yaani mita za mraba 160, wenye mibuni, migomba na mparachichi mmoja mkubwa. Mkiukata katikati, kila mmoja anaondoka na mita 2 ambazo ni nyembamba mno kwa kilimo cha maana, na mparachichi unaangukia juu ya mstari. Mwaka ujao mtagombania maparachichi.

Kabla ya kugusa futi kamba, kila upande uulizwe peke yake, mwingine akiwa hayupo: unahitaji nini kwenye ukanda huu? Mara nyingi majibu hayagongani. Mmoja anataka njia ya kupitisha majani ya ng'ombe na pikipiki. Mwingine anataka mti uliopandwa na baba yake. Hapo ukanda wote unaweza kwenda kwa mwenye mti, na mwenzake akapata njia ya kudumu upande wa chini, isiyofungwa na isiyolimwa. Njia ya mita 2 inatosha pikipiki na toroli. Kama gari dogo la mizigo litapita, wekeni mita 3 au zaidi, na mseme mapema nani atafyeka na nani atakarabati mvua ikiikata.

Njia nyingine ni mmoja kuchukua ardhi na kumlipa mwenzake fedha. Au kubadilishana ukanda huu na kipande cha shamba la tambarare. Au mwenye mibuni kuendelea kuvuna kwa misimu mliyoitaja, kisha ardhi ihame. Nusu kwa nusu ibaki kwa vitu vinavyogawanyika bila kupoteza thamani: fedha, magunia ya mahindi, saa za maji.

Ni mambo gani hayafai kuafikiwa?

Ubakaji, ulawiti, ukeketaji, kumpa mimba mwanafunzi na makosa mengine makubwa ya jinai. Hayo si mali ya familia, ni ya Jamhuri. Kikao cha wazee kinachopokea ng'ombe au fedha ili mtoto aliyeumizwa anyamaze hakimalizi chochote. Kinaongeza kosa jingine, na kinamwacha mtoto peke yake. Funika kombe mwanaharamu apite haina nafasi hapa. Nendeni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na hospitali siku hiyo hiyo.

Hamuwezi pia kuafikiana juu ya kisicho chenu. Majirani wawili hawawezi kugawana barabara ya kijiji, wala ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na sahihi zenu hazipunguzi mita hizo hata moja.

Mgogoro wa ardhi uanzie wapi?

Anza kwa jirani mwenyewe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au, mjini, mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, na halimlazimishi mtu kukubali.

Kisha kuna Baraza la Kata. Hapa watu wengi bado wanafuata habari za zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu, likikaa na wajumbe watatu, angalau mmoja wao mwanamke. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu pale. Wakishindwa, wanatoa cheti kinachosema usuluhishi umeshindikana, na hicho ndicho kinachofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu shauri lifunguliwe bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani hata bila cheti. Kwa hiyo dai muhuri na tarehe kwenye barua yako ya kwanza ya malalamiko. Bila tarehe huwezi kuonyesha kwamba siku 30 zimetimia.

Usikae na mgogoro ukidhani muda haukimbii. Kudai ardhi iliyochukuliwa kuna ukomo wa miaka 12.

Tunapimaje mpaka bila kuleta ugomvi mpya?

Msipime kwa hatua. Watu husema ekari ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inakaa sawa pale tu hatua inapokuwa na sentimita 91 hivi. Mtu mfupi mwenye hatua ya sentimita 75 atapata mita 52.5 kila upande, yaani mita za mraba 2,756, wakati ekari ni kama 4,047. Karibu theluthi ya shamba imepotea, na hakuna aliyeiba.

Msipime kwa simu pia. GPS ya simu hukosea mita kadhaa hata mahali peupe, na chini ya migomba na miti ya kivuli hukosea zaidi. Inafaa kuonyesha kihamba kiko wapi, haifai kuamua ugomvi wa mita moja.

Tumieni futi kamba ya mita 30 au 50, kamba ya katani na vigingi, na mfuate utaratibu huu:

1. Chagueni alama mbili zisizohama: kona ya nyumba ya matofali, jiwe kubwa lililozama, kaburi lililojengewa. Mgomba usiwe alama, kwa sababu shina hutoa machipukizi pembeni na baada ya miaka michache limetembea.

2. Kila kona ya mpaka ipimwe kutoka alama zote mbili. Mfano: kona ya kwanza iko mita 12.40 kutoka pembe ya kaskazini ya nyumba, na mita 18.75 kutoka kaburi, upande wa mashariki. Upande lazima utajwe, maana vipimo viwili peke yake vinaweza kuangukia sehemu mbili tofauti.

3. Kwenye mteremko, futi kamba ishikwe sawasawa hewani, isilazwe ardhini. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 30 za ardhini ni kama mita 28.2 tu za usawa. Andikeni mlivyopima, ili atakayerudia baada ya miaka kumi apate namba ile ile.

4. Kila upande ushike futi kamba mara moja, na mtu wa tatu aandike. Namba isomwe kwa sauti na pande zote mbili zikubali kabla ya kwenda kona inayofuata.

5. Pigeni picha ya kila kona, wahusika wote wawili wakiwa wamesimama pale.

Haya ni ya ardhi ya kijiji isiyopimwa rasmi. Kama kiwanja kina hati miliki na bikoni (alama rasmi za mpaka zilizowekwa na mpima), mpaka hauhamishwi na majirani. Anahitajika mpima ardhi mwenye leseni na taratibu za idara ya ardhi ya halmashauri, na kung'oa bikoni ni kosa. Maafikiano yenu yanaweza kusema nani atamlipa mpima na kwamba wote mtakubali atakachokikuta.

Masale bado yana nguvu?

Yana nguvu kubwa, na tunashauri yatumike. Kwa Wachagga, sale ni mmea wa mpakani na pia ni mmea wa kuomba radhi. Jani lake likishapelekwa kwa aliyekosewa, kukataa kupokea ni jambo zito. Hakuna alama nyingine ya mpaka inayobeba maana zote mbili.

Lakini sale ni mti, na mti hukatwa, huoza, au huchipua pembeni. Wekeni mawe kwenye kila kona na kila mahali mstari unapopinda, kisha masale yajaze katikati. Chini ya kila jiwe zikeni mkaa au vigae vya chungu kwenye shimo la nusu mita. Mkaa hauozi, na jiwe likihamishwa, mkaa unabaki unasema. Pandikizeni vipando mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, au mwanzoni mwa vuli. Vikipandwa Januari vingi hukauka, na pengo la mita tatu kwenye mstari wa masale ni mwaliko wa jembe.

Kubalianeni pia kuhusu miti mikubwa. Ushauri wetu ni mita 5 kutoka mstarini kwa parachichi, mgrevilea na miti ya mbao, na mita 1.5 kwa migomba.

Hati ya maafikiano iandikwe nini?

Kwanza iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee walioshuhudia hawataishi milele. Iandikwe kwa Kiswahili mnachokisema, si kwa lugha ya kutisha ambayo msainiji mwenyewe haielewi.

Majina yawe matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, pamoja na namba yake. Jina la mtaani au la ubatizo peke yake huleta taabu, hasa ukoo mzima ukiwa na akina Elibariki watano. Taja kitongoji, kijiji, kata na wilaya, na majirani wa pande zote nne. Eleza mgogoro kwa sentensi mbili tatu bila kumtukana mtu. Hati si mahali pa kushinda mabishano.

Kisha iandikwe kila upande unaachia nini na unapata nini, kwa namba. Hapa usione uvivu. "Atampa njia ya kutosha" haina maana. "Atampa njia yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 38, kuanzia barabara ya kijiji hadi lango la nyumba, kuanzia tarehe 1 Aprili" ina maana. Makubaliano ambayo maana yake haijulikani hayana nguvu kisheria, kwa hiyo maneno kama "baadaye kidogo", "kiasi cha haki" na "wataelewana" yaondoeni yote.

Weka kifungu cha kuvunja ahadi: nani analipa nini, ndani ya siku ngapi, na mtaanzia kwa nani kabla ya kwenda mahakamani. Kiasi kiendane na hasara halisi. Fidia ya milioni kumi kwa mgomba mmoja uliokatwa itapuuzwa na yeyote atakayeisoma.

Andika pia yasiyomalizwa. Kama mmekubaliana mpaka lakini gharama za kesi ya zamani bado, semeni hivyo. Ukimya huzaa dai la pili.

Ambatanisheni mchoro wenye vipimo. Kila ukurasa usainiwe, pamoja na mchoro. Asiyejua kusoma asomewe hati yote kwa sauti na mtu asiye wa upande wa pili, kisha iandikwe kwamba amesomewa na nani, ameelewa, na ameweka dole gumba. Kila upande ulete mashahidi wawili, mmoja wao awe kijana. Mashahidi wote wakiwa na umri wa miaka 75, hati itabaki bila wa kuitetea. Nakala ziwe nne za asili: moja kwa kila upande, moja kwa mtendaji wa kijiji au kata, moja kwa msuluhishi.

Nani lazima asaini? Mume peke yake anatosha?

Hatoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza, kutoa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kihamba chenye nyumba kinaingia humo moja kwa moja. Hati nyingi huanguka kwa sababu mama hakuitwa, naye ndiye anayelima ule ukanda kila siku na anajua kila shina. Aitwe tangu siku ya kupima.

Kama mwenye ardhi amefariki, watoto hawana mamlaka ya kuafikiana juu ya ardhi yake mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo unapendekeza jina tu, haumteui. Hati iliyosainiwa na kaka mkubwa kabla ya uteuzi inaweza kupingwa na mrithi yeyote. Na pale ardhi inapohama kutoka mtu hadi mtu ndani ya ardhi ya kijiji, pelekeni kwa halmashauri ya kijiji iidhinishe, muhtasari uandikwe.

Mabinti wanaweza kuachwa nje ya maafikiano ya kihamba "kwa mila"?

Tunasema wazi: msifanye hivyo. Mila ya kihamba kwenda kwa wana wa kiume, wa kwanza na wa mwisho wakipewa uzito zaidi, inajulikana. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi kihalali. Binti anaweza kuachia sehemu yake kwa hiari akiwa mtu mzima mwenye kuelewa anachoachia. Akiachishwa kwa kunyamazishwa, hati ni mbovu na familia imejipandia kesi ya miaka mingi.

Kuna njia nyingi za heshima. Binti apewe sehemu ya shamba la chini. Au alipwe thamani kwa awamu. Au nyumba ya wazazi ibaki ya wote bila kuuzwa, mwana wa mwisho akiishi humo na kuitunza, na dada akiwa na chumba chake na haki ya kuzikwa pale.

Familia yote hurudi Desemba. Tukae hapo?

Desemba ndiyo nafasi pekee ya kuwapata waliotoka Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi, lakini ni mwezi mbaya wa kuanza mazungumzo. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kuna ibada, harusi, vipaimara na wageni. Kinachofanyika ni kikao cha saa mbili jioni, mmoja akiwa na tiketi ya basi ya alfajiri.

Fanyeni kazi kabla. Mpaka upimwe Oktoba na wale walioko nyumbani. Rasimu itumwe kwenye kundi la WhatsApp la familia mapema Novemba, na asiyekubali ajibu kwa maandishi kifungu kwa kifungu. Desemba ibaki ya kusoma kwa pamoja, kutembea mpakani na kusaini. Mbege, pombe ya ndizi, iletwe baada ya sahihi. Mtu aliyelewa hana akili timamu ya kuingia mkataba, na hoja hiyo huibuka kila hati inapopingwa.

Tunagawanaje zamu za maji ya mfongo?

Gawaneni kwa saa. Tuseme kaya 12, mzunguko wa siku 6, maji ya mchana kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Hizo ni saa 72, kila kaya inapata 6. Kwenye karatasi ni haki. Shambani, kaya ya mwisho inaonewa, kwa sababu mfereji wa udongo uliokauka hunywa maji mengi kabla hayajafika chini. Ukifunguliwa saa 12, anaweza kuyaona saa 1 na nusu.

Kwa hiyo andikeni kwamba saa za zamu zinahesabiwa maji yanapofika kwenye lango la kaya, si yanapofunguliwa kwenye chanzo. Pia pangeni zamu zifuatane kwa mpangilio wa mfereji, kutoka juu kwenda chini, ili mfereji ubaki na unyevu. Muda unaopotea njiani ubebwe na wote kwa kupunguza dakika kwa kila kaya.

Ratiba ya masika isitumike kiangazi. Wekeni ratiba mbili, na mseme nani anatangaza kuhamia ya pili. Siku za kusafisha mfongo ziandikwe pamoja na zamu. Asiyekuja wala kutuma mtu apoteze saa kadhaa za mzunguko unaofuata. Adhabu ya saa hutekelezeka kwa urahisi kuliko faini ya fedha.

Mfongo unaochukua maji mtoni unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi. Makubaliano yenu yanagawa kile kilichomo kwenye kibali tu.

Nikipendekeza kupunguza, si nitakuwa nimekiri kosa?

Hofu hii huwazuia watu wengi wema. Andika juu kabisa ya barua: "Pendekezo hili ni kwa ajili ya usuluhishi tu na lisitumike kama ushahidi." Katika kesi za madai, yaani zisizo za jinai, Sheria ya Ushahidi inalinda kauli zinazotolewa kwa sharti hilo. Kwa mdomo, liseme sharti lenyewe mbele ya msuluhishi na liandikwe kwenye kumbukumbu. Usitume pendekezo kwa ujumbe mfupi wa simu usiku ukiwa na hasira.

Nina mdaiwa Arusha mjini. Nikimsamehe sehemu, nitahakikishaje analipa?

Msamaha uje mwisho. Tuseme deni ni shilingi 3,600,000. Hati iseme: mdaiwa anakiri deni lote, akilipa 3,000,000 kwa awamu sita za 500,000, kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, 600,000 zilizobaki zinafutwa. Akikosa awamu mbili, deni lote linarudi, likipunguzwa kile alichokwisha kulipa. Ukimsamehe 600,000 siku ya kwanza, zimeondoka na kichocheo cha kulipa kimeondoka nazo.

Malipo yapite benki au kwa simu, jina la mlipaji lionekane. Kukiri deni kwa maandishi na sahihi kuna faida nyingine: ukomo wa miaka 6 wa kudai deni la mkataba unaanza kuhesabiwa upya.

Na mgogoro wa kazini?

Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kuwasilisha shauri. Madai mengine ya kazi, siku 60. Kuongea na mwajiri hakusimamishi siku hizo, kwa hiyo wasilisha fomu kwanza, kisha zungumza.

Msuluhishi mzuri ni wa namna gani?

Asiyedai wala kudaiwa na upande wowote, anayeweza kunyamaza, na anayejua kuandika. Cheo si sharti. Mchungaji, shehe, mwalimu mstaafu na mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wote wanafaa. Mtu anayewaharakisha wanyonge kwa kusema "wewe mdogo, mwachie kaka yako" hafai, hata akiwa mzee wa ukoo anayeheshimika. Makubaliano yaliyopatikana kwa vitisho au kwa kutumia vibaya nafasi ya mtu yanaweza kutenguliwa.

Arusha hutajwa sana kwenye mikataba ya amani. Ina la kutufundisha sisi wa vihamba?

Ina mengi. Mkataba wa Burundi ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na Nelson Mandela akaendeleza. Kilichofikiwa kilikuwa na namba. Katiba ya mwaka 2005 iliweka Bunge la asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, wanawake wasiopungua asilimia 30, na jeshi ambalo hakuna kabila linalozidi nusu. Lakini makundi mawili yenye silaha, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwa kwenye meza hiyo, na vita viliendelea mpaka nayo yalipoingia kwenye makubaliano, la kwanza mwaka 2003 na la pili mwaka 2006. Anayeshika panga la kukata masale asipokuwa kikaoni, hamjamaliza.

Mkataba wa Rwanda ulisainiwa hapa hapa tarehe 4 Agosti 1993. Serikali ya mpito iliyoahidiwa haikuundwa, na Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza. Hatuwezi kulinganisha msiba ule na ugomvi wa majirani. Tunachokichukua ni kwamba siku kati ya sahihi na utekelezaji ni za hatari, kwa hiyo ziwe chache. Kwenye mpaka wa kihamba, mawe yazikwe siku ile ile ya kusaini.

Mwenzangu amevunja makubaliano. Nifanye nini?

Piga picha siku hiyo, itisheni mashahidi waliosaini, na umpe notisi ya maandishi yenye siku za kurekebisha mlizotaja kwenye hati. Usirudishe jiwe mwenyewe usiku. Ukigusa alama bila mashahidi, mtakuwa wawili mnaoshukiwa.

Nguvu ya hati hutegemea ilipoishia. Iliyobaki mikononi mwenu ni mkataba, nawe utashtaki kwa kuvunjwa kwake. Kama kesi ilikuwa tayari mahakamani na mkaafikiana, pelekeni hati kwenye faili. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya XXIII kanuni ya 3, inaitaka mahakama iyaandike maafikiano halali na kutoa tuzo, yaani amri rasmi ya mahakama, kwa mujibu wake. Tuzo ya namna hiyo hukazwa, yaani hutekelezwa kwa nguvu ya mahakama, kama hukumu nyingine, na haikatiwi rufaa kwa kuwa mliikubali wenyewe. Msifute kesi kienyeji kwa sababu tu mmeshikana mikono koridoni.

Hati imepotea au imeliwa na mchwa. Maafikiano yamekufa?

Hayajafa. Nenda kwa mtendaji ulikoacha nakala, omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Ikikosekana pale pia, waite mashahidi walio hai na upande wa pili, andikeni hati mpya inayorejea tarehe ya ile ya kwanza, na mpime tena kona zote kutoka alama zile zile. Kabla ya yote hayo, tafuta kwenye simu za watoto: picha za kurasa zilizotumwa kwenye kundi la familia mara nyingi bado zipo.